Walimu wenzangu, makundi ya wanyama mnafundishaje? Mimi siafu wamenitoa jasho

Mwl wa Bondeni ameandika:

Habari za jioni wakuu, hasa walimu wa msingi mlioko huku Nyanda za Juu Kusini, nina jambo nataka tujadili na kama utacheka cheka tu nimeshazoea.

Nipo Mbarali, nafundisha Kiswahili darasa la tano, watoto 91 mkondo mmoja. Wiki iliyopita tulikuwa kwenye nomino za jamii. Miaka yote nafundisha kama nilivyofundishwa mimi, unaandika ubaoni bumba la nyuki, tita la kuni, mkungu wa ndizi, thureya ya nyota, mtungo wa samaki, jopo la majaji, watoto wananakili wanaimba, kesho yake unatoa zoezi wanapata wote unafurahi, alafu baada ya wiki tatu ukiuliza kila kitu ni kundi. Kundi la nyuki, kundi la nyota, kundi la kuni. Kundi la kuni jamani, kana kwamba zinatembea.

Mwaka huu nikasema ngoja nianze na wanyama peke yake, maana watoto wa huku hata yule anayekaa nyuma haongei mwaka mzima, ukimgusia ng'ombe ana mengi ya kusema. Nikagawa karatasi za manila vipande vipande nikawaambia kila dawati lichore kundi moja kutoka ile orodha ya ubaoni. Nikapita nikiangalia. Dawati la dirishani wamechora mto mzuri kabisa, matete pembeni, samaki saba wanaogelea, na kamba imepita mashavuni mwa wote saba. Nikauliza hii kamba ni ya nini? Kabinti kamoja kakanitazama kama vile mimi ndo sielewi kitu, "Mwalimu si umesema mtungo?"

Aisee nilikaa kimya. Maana kabinti kako sahihi na mimi ndo nimekosea miaka tisa. Mtungo ni samaki walioshavuliwa wakatungwa, wale unaowaona Mtera barabarani wananing'inizwa abiria wachague dirishani. Samaki aliyeko majini hana mtungo. Sisi tunaandika "kundi la samaki = mtungo" tunapita zetu.

Basi nikafuta ubao wote. Nikasema twendeni nje tuigize, kila kikundi kitembee kama wanyama wake wanavyotembea, wengine wakae chini wabuni ni wanyama gani na huo mkusanyiko utauitaje. Wa nyuki wakamchukua kijana mmoja mrefu wakamfanya tawi la mti, kama kumi na tano wakamganda huyo tawi hadi akawa haonekani, wanatetemeka na kuvuma. Pale neno bumba lilikaa lenyewe sikuhangaika kulielezea, kitu kimeshikana kimekuwa donge. Wa nzige wakatawanyika uwanja mzima mikono juu. Wa siafu wakapanga mstari mmoja kama wanaenda paredi, na hapo ndo pakaharibika, kwa sababu mtoto mmoja akapinga, eti siafu hawako hivo, "wapo nyuma ya jiko mwalimu twende ukaone."

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tukaenda. Kweli wapo, wametoka kwenye ufa wa msingi wa jiko wanavuka njia kuelekea mwembe, upana kama vidole viwili hivi. Nikawaambia msiguse, angalieni tu. Na waliangalia kwelikweli maana mimi mwenyewe sikuwahi kuangalia siafu kwa muda ule wote. Wadogo wanapita katikati, wengine wamebeba vitu vyeupe kama punje za mchele, ni watoto wao wale. Pembeni kushoto na kulia wamesimama wale wenye vichwa vikubwa, taya zimefunguka juu, hawaendi popote, wanalinda tu. Mtoto akasema wale trafiki. Mwingine akamkatalia, hapana huu ni msafara, kama ule wa viongozi unapita barabara kuu na wale wa pembeni. Wa tatu akamalizia "msafara wa mamba kenge hawakosi" darasa zima likaangua kicheko.

Nikawa naandika neno msafara kwenye kidaftari changu nimeridhika kabisa, kumbe kuna tawi lingine la msafara limepita nyuma yangu na mimi nimesimama juu yake.

Sitaeleza yote. Ila suruali niliikunja mpaka gotini mbele ya watoto 91, nikacheza ngoma ambayo kabila lake halijulikani, mwalimu mkuu akatoka ofisini akiwa na kikombe cha chai akasimama pale mlangoni anatazama, hakusema kitu, akarudi ndani.

Sasa maswali yangu. Moja, samaki wakiwa majini nyie mnatumia neno gani? Mbili, simba je? Tatu hili linanisumbua zaidi, watoto wanaandika "kundi la ng'ombe wameingia shambani". Nikiweka mkasi wanauliza kwani ng'ombe si ni wao ndo wameingia. Mnawajibuje?

---

Kamwene Mafinga:

Kamwene mwalimu. Nimecheka mpaka mwanangu kaja kuuliza kuna nini 😂😂

Huku kwetu mwezi wa sita huwezi kutoa watoto nje asubuhi, ukungu na baridi wanakuwa wamejikunyata kama vifaranga, kwa hiyo mimi natumia kadi. Nachukua maboksi ya sabuni dukani, nakata, kadi moja naandika mnyama nyingine naandika neno la kundi, nachanganya nagawa, kila mtoto amtafute mwenzake. Wakipatana wanasimama ukutani wanatunga sentensi. Dakika ishirini imekwisha, kelele unazivumilia.

Ila na mimi nina aibu yangu. Nilichukua orodha moja intaneti, mtu ametafsiri ya Kiingereza neno kwa neno, nikaandika kadi "fahari" iende na "simba". Mtoto aliyepata fahari akazunguka darasa zima akaenda kusimama na mwenye kadi ya ng'ombe. Nikamwambia hapana nenda kwa simba. Akasema "Madam, fahari si dume la ng'ombe? Simba atamla." Na akaleta methali kabisa, mafahari wawili hawakai zizi moja. Nilinyanyua mikono. Kwenye Kiswahili fahari ya simba ni ng'ombe dume anayemilikiwa na simba, na hatakaa naye muda mrefu.

Simba kwangu ni kundi, basi. Sioni haya kusema kundi la simba.

---

Mchapa Kazi wa Uyole:

Swali la tatu ni jepesi mkuu. Kichwa cha hilo fungu la maneno ni kundi sio ng'ombe. Kundi limeingia, makundi yameingia, bumba limeondoka, wingu limetanda, msafara umepita. Ukitaka wao waingie ondoa kundi, sema ng'ombe wameingia. Mimi huwa nawaambia wafunike kwa kidole maneno "la ng'ombe" alafu wasome kilichobaki. "Kundi wameingia." Wanacheka wenyewe wanasahihisha.

---

Mkulima Halisi:

Mimi sio mwalimu ni mzazi na mkulima wa mpunga huku huku Mbarali, ila hiyo sentensi ya kundi limeingia shambani nimeiishi. Likishaingia hutaangalia ni limekula au wamekula utaangalia mpunga uko wapi 😅

Nichangie kidogo. Kwelea kwelea mmewasahau. Mtoto wa huku anajua wingu la ndege kabla hajajua kusoma, maana msimu ukifika ndo anaenda kuamia shambani na kopo na kombeo kabla ya shule, wengine shule inasubiri kabisa tusidanganyane. Wale ndege hawaji kama kundi, unaona kitu cheusi kinajikunja kinajikunjua hewani kama moshi, kinageuka chote kwa pamoja, alafu kinashuka kama mtu amemwaga mchanga. Ukisema kundi la kwelea umesema kidogo sana.

Na mwalimu wa hesabu asikose hapo. Kandege kamoja kanakula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, mtu akikaona atasema kanakula nini haka. Wakija milioni moja hiyo ni tani 10 kwa siku, na milioni moja kwa kwelea sio wengi. Ndo maana serikali inaleta ndege ya kunyunyiza dawa, kwa kopo na kombeo huwezi.

---

Mwl wa Bondeni:

@Mkulima Halisi hiyo ya gramu 10 naichukua kesho asubuhi, asante sana mzee wangu.

@Uyole ya kufunika kwa kidole nayo naichukua. Miaka tisa nafanya kazi gani sijui.

---

Mwanafasihi Mkongwe:

Naomba niwe mkali kidogo. Kiswahili kina maneno yake na kazi ya mwalimu ni kuyafundisha. Samaki wakiwa wengi majini ni numbi. Nyuki ni bumba. Mnawaruhusu watoto kusema trafiki wa siafu, kesho wataandika hivyo kwenye mtihani na lawama itamwangukia nani? Mchezo uwe mchezo na somo liwe somo.

---

Binti Matema:

Kaka mkongwe shikamoo. Mimi nimezaliwa Kyela, baba yangu na babu yangu wavuvi wa usipa, nimekulia ufukweni na karabai za mitumbwi naziona usiku kama mji umehamia ziwani. Neno numbi nimelikuta kwenye kamusi nikiwa chuo. Kwetu mtu akirudi anasema usipa wamejaa, au leo hawapo, basi. Sisemi numbi sio Kiswahili, ni Kiswahili kizuri tena mimi nalipenda, nasema tu ukimpa mtoto bila kumwonyesha kitu atalibeba kama mzigo wa mtu.

Mimi nafundisha hivi. Nachukua beseni la maji, natupia maganda ya karanga, napuliza upande mmoja yote yanaenda upande mwingine kwa pamoja. Nawaambia samaki wanaogeuka hivi kwa pamoja wanaitwa numbi. Wanaondoka nalo. Halafu naleta usipa wakavu kwenye kisado nawauliza hii ni numbi? Wanasema hapanaaa. Ni nini? Kisado cha usipa. Na hapo unaingiza kitu kingine ambacho orodha nyingi zinachanganya, chombo sio kundi. Mzinga sio kundi la nyuki, ni nyumba yao, nyuki wakihama mzinga unabaki. Zizi vilevile, tenga la kuku vilevile. Niliwahi kukuta kijitabu cha mazoezi cha mitaani kimeandika "kundi la ng'ombe huitwa zizi". Nilikirudisha dukani.

Na kwa mliotaja mawingu, njooni ziwani muone vijidudu vya Nyasa vikitoka majini. Unaona kama nguzo za moshi zimesimama juu ya maji mbali kule, mgeni anadhani meli inaungua. Wingu likija upande wako funga mdomo.

---

Parachichi la Tukuyu:

Hahaha funga mdomo kweli 🤣

Huku Rungwe mimi naanza na ndizi hata kabla ya wanyama. Mkungu, chane, ndizi. Mtoto wa Kinyakyusa hawezi kukosea hapo, mkungu ukiukata unapata chane, chane ukiichambua unapata ndizi moja moja. Akishaona kwamba jina linafuata namna vitu vilivyoshikana ndo nampeleka kwa wanyama.

Kwa wanyama tuna wa kwetu, kipunji. Kwa msiomjua ni kima wa Mlima Rungwe na misitu ya Livingstone kule Kitulo, na wengine wachache wako Udzungwa. Wanasayansi walimtangaza duniani 2005 kama aina mpya, wazee wa hapa wakashangaa upya wake uko wapi maana jina lenyewe wamelitoa wao. Waliohesabu baadaye walikuta huku kwetu makundi 34, kila moja lina wanyama kati ya 25 na 39. Nikawaambia darasa hesabuni madawati kumi na matatu, watatu watatu, hao mlioketi hapo ni kundi moja kubwa la kipunji. Wakageuka kutazamana. Idadi ikawa kitu wanachokiona.

Nikawauliza mngeliitaje? Kipunji mlio wake sio kama kima wengine, anapiga kitu kama honi na kubweka kwa pamoja. Mtoto mmoja akasema "stendi ya kipunji". Kwa sababu ya honi! Nilitaka kumkumbatia.

---

Mwanafasihi Mkongwe:

Stendi ya kipunji. Haya.

---

Ticha wa Ng'ambo:

Nafundisha Kiingereza Iringa mjini, naomba niingilie hapa. Mkongwe usiogope sana watoto kutunga. Hayo majina ya Waingereza tunayoyaheshimu na kuyakariri mengi yalitungwa hivohivo. Mabwana wao wa zamani walikuwa na ufahari wa kuwinda, ukitaka kuonekana umelelewa vizuri ujue kila mnyama na neno la kundi lake, ukikosea unaonekana mshamba. Orodha ndefu ikachapwa kwenye kitabu kule St Albans Uingereza mwaka 1486, na lile neno la simba linalomaanisha majivuno limo humo. Na sio wanyama tu, waliingiza na watu wa kazi mbalimbali, mengine utani mtupu. Leo ni miaka zaidi ya mia tano mtoto wa Kihesa anachapwa kwa kutojua utani wa mabwana wa kuwinda. (Sichapi mimi, nasema tu.)

Kwa hiyo kwenye Kiingereza kunguru wengi wanaitwa mauaji, bundi wengi wanaitwa bunge. Nikiwaambia watoto hivyo kwa Kiswahili wanafurahi, alafu nawapa zamu yao, tungeni ya kwenu kwa wanyama wa huku Ruaha na wa nyumbani. Nakumbuka haya: kwaya ya vyura, foleni ya punda, kijiwe cha mbuzi. Na moja ilinimaliza, KIKOBA CHA KUKU. Nikauliza kwa nini kikoba. Akasema wanakaa mduara wanaongea wote pamoja alafu mmoja anakimbia na kitu.

---

Kamwene Mafinga:

Mmoja anakimbia na kitu 😭😭😭 huyo mama yake kadhulumiwa

---

Mkulima Halisi:

Huyo mtoto apewe cheti leo.

---

Mwl wa Bondeni:

Mkongwe mzee wangu hoja yako siitupi. Nilichofanya ni kugawa ubao kwa mstari katikati. Kushoto maneno ya kamusi, bumba, numbi, wingu, kundi. Kulia maneno ya darasa letu. Kwenye mtihani unaandika ya kushoto, kwenye insha na mazungumzo chagua mwenyewe. Watoto hawachanganyi, kama wasivyochanganya kusema na baba yao na kusema na mwenzao mtoni. Na neno likitumika vizuri mara nyingi naliuliza darasa, hili livuke? Msafara umevuka kwa kura zote. Trafiki wamebaki kulia.

Tembo walituletea ubishi. Mmoja akasema jeshi, mwingine kundi. Kuna mtoto baba yake ni askari wa wanyamapori, akasimama akaeleza wale wanatembea na mama mzee mbele, jike mkubwa kuliko wote, yeye ndo anajua maji yako wapi kiangazi mto ukikauka, na madume yakishakua yanaondoka. Alieleza polepole huku anachora na kidole hewani. Darasa likasema basi ni ukoo. Ukoo wa tembo. Nimeliweka kulia kwa sasa ila roho inataka kulivusha.

Kuhusu neno kundi lenyewe mimi nimebadilika. Zamani nilikuwa naliona kama jibu la mvivu. Sasa hivi naona lina kazi yake, ng'ombe, mbuzi, simba, nyumbu, wote wanatembea kikundi kikundi na neno linawatosha. Shida ni pale mtoto anapolitumia kwa kitu ambacho amekiona na macho yake kina umbo lingine. Ndo nataka aone, neno litamfuata.

---

Mwanafasihi Mkongwe:

Ubao wa mstari katikati naukubali. Ukoo wa tembo pia si vibaya. Lakini kikoba hapana.

---

Binti Matema:

😂😂 kikoba kina kura yangu kaka

---

Mchapa Kazi wa Uyole:

Mwl wa Bondeni leta mrejesho wa zoezi basi, usituache njiani.

---

Mwl wa Bondeni:

Nimesahihisha jana usiku, umeme ulikatika nikamalizia kwa tochi ya simu. Niliwapa sentensi tano watunge wenyewe, kila moja na kundi la mnyama tofauti, bila kunakili ubaoni maana niliufuta. Kati ya 91, walioandika kundi kwa kila mnyama ni 12. Mwaka jana ilikuwa karibu darasa lote. Numbi wameikumbuka wachache, nitaleta beseni na maganda ya karanga. "Kundi wameingia" bado ipo kwa kama ishirini, wamesahau kidole.

Na yule wa nyuma asiyeongea mwaka mzima, wa sentensi moja ukibahatika, ameandika zote tano. Ya tano nanakili kama ilivyo: "Msafara wa siafu umempanda mwalimu wetu mpaka akavua kiatu."

Umempanda. Upatanisho uko sawa kabisa. Nimempa tiki mbili.

---

Kamwene Mafinga:

Na kiatu ulivua?? Mbona hukusema mwanzo

---

Mwl wa Bondeni:

Vyote viwili.